Uzi: Kwa nini mwanasiasa aache kazi kwa mambo ya nyumbani kwake?

#1 Mkaazi wa Kikwajuni

Assalamu alaykum wana ukumbi. Kiongozi kujiuzulu si jambo geni kwetu. Mzee Aboud Jumbe aliacha urais wa Zanzibar Januari 1984 kwa mvutano juu ya muundo wa Muungano. Edward Lowassa aliacha uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Hamad Masoud Hamad aliacha uwaziri wa Miundombinu na Mawasiliano wa Zanzibar Julai 2012, baada ya MV Skagit kuzama karibu na Chumbe. Katiba, mkataba, meli. Sikumbuki hata mmoja aliyeondoka kwa sababu ya mwanamke, na sidhani kwamba ni kwa kuwa viongozi wetu wote ni mawalii.

Uingereza, Marekani na hata Singapore mambo ni mengine. Waziri anaonekana na mwanamke asiye mkewe, gazeti linatoa picha, na kabla ya Ijumaa nyingine barua ya kujiuzulu imeshaandikwa. Watu husema kwamba ni aibu inayowaondoa. Mimi nadai kwamba aibu haimo kabisa. Mtu aliyevumilia matusi ya kampeni hadi akafika kwenye baraza la mawaziri si mtu wa kuona haya kwa picha moja. Anaondoka kwa sababu wenzake chamani wamepiga hesabu za kura wakaona kuwa amekuwa mzigo. Asiyekubali na aje na hoja yake.

#2 Kahawa Tungu

Mkaazi, umesahau kwamba wa kwetu ana njia ya halali. Akionekana mara mbili na mwanamke, wiki inayofuata unasikia kuwa posa imeshapelekwa, na habari yote imegeuka biriani. Waziri wa Kiingereza maskini hana pa kumweka mke wa pili isipokuwa gazetini. Na Wafaransa ndio kabisa, wao hawajali hata kidogo.

#3 Mwalimu Mstaafu, Chake Chake

Suali zuri, Mkaazi, lakini jawabu lako umelifupisha mno. Chukua kisa ambacho vyote vya Uingereza hupimwa nacho. John Profumo, waziri wa vita, alijuana na Christine Keeler mwaka 1961, wala hakuacha kazi. Uvumi ukaenea London nzima, hakuacha kazi. Machi 1963 alisimama Bungeni akatamka kwamba hapakuwa na jambo lolote lisilofaa baina yao, na hapo ndipo alipojifunga mwenyewe, kwani tarehe 5 Juni 1963 ilimbidi akiri kuwa alilidanganya Bunge, na kwa kukiri huko akajiuzulu. Kwa mila za Bunge lao waziri anaweza kusamehewa mengi, lakini kulidanganya Bunge kwa makusudi hakuna anayelivumilia. Kwa maoni yangu, basi, kinachomwondoa mtu ni uongo anaousema baada ya kitendo.

Na kuhusu aibu, nakuomba uangalie alichofanya Profumo baadaye. Alikwenda kufanya kazi za kujitolea Toynbee Hall, nyumba ya kuwasaidia maskini mashariki ya London, akabaki huko kwa miongo kadhaa bila ya kutafuta tena cheo cha siasa. Mtu wa namna hiyo utasema kwamba hakuwa na haya?

#4 Mpemba wa Konde

Namuunga mkono Mwalimu. Hata Clinton aling'oka kwa uongo, si kwa yule msichana wa ofisini. Aliapa mbele ya sheria, akadanganya, wakamtoa. Na kama mnataka mfano wa nje ya Uzunguni, waziri mkuu wa Japani, Sosuke Uno, aliangushwa mwaka 1989 na geisha, yaani mwanamke anayelipwa kuwatumbuiza wanaume, aliyetoa siri yao hadharani.

#5 Wakili wa Vuga

Ndugu yangu Mpemba, Clinton hakung'oka. Baraza la Wawakilishi la Marekani lilimfungulia mashtaka tarehe 19 Disemba 1998, kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki isitendeke. Seneti ikamwachia huru Februari 1999, naye akamaliza muda wake hadi Januari 2001. Aliyetangaza kuondoka siku ile ile ya mashtaka ni Bob Livingston, ambaye chama cha Republican kilikuwa kimeshamteua awe spika mpya, baada ya habari za wanawake zake kufichuliwa. Upande ulioshitaki ndio uliopoteza mtu wake, na mshitakiwa akabaki kwenye kiti.

Kwa hiyo nadharia ya Mwalimu, ingawa ni nzuri kwa Profumo, haitoshi peke yake. Mark Sanford, gavana wa South Carolina, alitoweka Juni 2009 na watumishi wake wakawaambia watu kwamba amekwenda kutembea milimani, kumbe yuko Argentina kwa mwanamke. Uongo gani mkubwa kuliko huo? Alibaki gavana hadi muda wake ulipokwisha, na mwaka 2013 watu wa jimbo lake wakamchagua kuwa mbunge.

Mimi naangalia muundo wa kazi yenyewe. Rais au gavana wa Marekani amechaguliwa na watu kwa muda maalumu, na kumtoa ni safari ndefu ya kikatiba inayohitaji theluthi mbili za kura. Waziri wa Uingereza yupo kwa ridhaa ya waziri mkuu, na ridhaa hiyo huweza kwisha kwa simu moja ya asubuhi. Tusiwapime watu wa vyeo viwili tofauti kwa mizani moja kisha tukasema huyu ana haya na yule hana.

#6 Bint Wete

Salamu kwenu. Naona mnazungumzia uongo na katiba, lakini wananchi hawakasirishwi na hayo. Kinachowakasirisha ni mtu kuwakataza jambo ambalo yeye mwenyewe analifanya.

Eliot Spitzer alipokuwa mwanasheria mkuu wa New York alizishitaki biashara za ukahaba, na alipokuwa gavana alitia saini mwaka 2007 sheria iliyoongeza adhabu kwa wanunuzi. Machi 2008 ikagundulika kwamba yeye mwenyewe ni mnunuzi. Alijiuzulu ndani ya siku chache.

Matt Hancock, waziri wa afya wa Uingereza, ni mfano wa karibu zaidi. Wakati wa korona ndiye aliyekuwa akisimama mbele ya televisheni kuwaambia watu wakae mbali mbali. Mei 2020 Profesa Neil Ferguson, mmoja wa washauri wa serikali, alijiuzulu kwa kumpokea mpenzi wake nyumbani wakati wa karantini, na Hancock akasema kwamba amefanya sawa kuondoka. Mwaka mmoja baadaye gazeti likatoa picha za kamera ya ofisini kwake mwenyewe. Anaonekana anatazama kwanza nje ya mlango, anaufunga, kisha anamkumbatia msaidizi wake na kumbusu. Hebu fikiria mwananchi aliyemzika mama yake bila ya kuruhusiwa kumkumbatia dada yake makaburini, akaiona picha ile asubuhi anapokunywa chai. Picha zilitoka Ijumaa, naye alijiuzulu Jumamosi. Hakuna aliyehitaji kumuuliza kama ameoa au hakuoa.

#7 Kahawa Tungu

Mimi kwa upande wangu somo nililolipata kwa Bint Wete ni kwamba mheshimiwa akihamia ofisi mpya aangalie dari kwanza.

#8 Mkaazi wa Kikwajuni

Hoja ya unafiki nimeipenda, lakini bado mnaniachia njia ya kupita. Wanafiki ni wengi kuliko wanaojiuzulu. Oktoba 1993 waziri mkuu John Major alitangaza kwenye mkutano wa chama chake wito wa kurudi kwenye mambo ya msingi, magazeti yakauchukulia kuwa ni wito wa maadili ya familia, na kuanzia hapo mawaziri wake wakaanza kudondoka mmoja mmoja. Tim Yeo aliondoka Januari 1994 kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa yake. Mwaka 2002 ndipo ilipojulikana kuwa Major mwenyewe alikuwa na uhusiano wa siri na Edwina Currie, mbunge mwenzake, miaka ya 1980. Aliwapokea barua za kujiuzulu watu waliotenda alilolitenda yeye! Kama unafiki ndio unaoondoa, mbona mkubwa wao alibaki?

Nirudi kwenye chama. Cecil Parkinson ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha Conservative waliposhinda uchaguzi wa Juni 1983. Alimweleza Margaret Thatcher mapema kwamba katibu wake wa zamani ana mimba yake, na Thatcher akampa wizara vile vile. Oktoba mwaka huo huo, wakati wa mkutano mkuu wa chama, mwanamke yule akazungumza na gazeti, na Parkinson akaacha kazi. Kitendo kilikuwa kile kile, mwenye kuajiri alikuwa akikijua, na hakuna uongo wowote aliousema Bungeni. Jipya lilikuwa ni kwamba wanachama waliokusanyika Blackpool wamejua. Singapore nako ni hivyo hivyo. Spika Tan Chuan-Jin na mbunge mwenzake wa kike walijiuzulu siku moja Julai 2023, na waziri mkuu Lee Hsien Loong alieleza mwenyewe kwamba jambo hilo alilijua tangu baada ya uchaguzi wa 2020. Miaka yote hiyo haya ilikuwa wapi?

#9 Duka la Darajani

Wazee wangu, ruhusuni na mfanyabiashara aseme. Mnayaita mambo ya chumbani, lakini mimi naona mambo ya mfukoni. Nyumba ndogo ina kodi, ina ada za skuli, ina simu mpya, na mshahara wa mheshimiwa unajulikana. Mwenye kuficha familia ya pili lazima afiche na matumizi, na anayejua siri yake amemshika pabaya. Spitzer aliyetajwa na Bint Wete aligundulika kupitia benki, ambazo zilitoa taarifa juu ya namna alivyokuwa akihamisha fedha zake. Na huyo Profumo, mwanamke yule yule alikuwa akionana pia na Yevgeny Ivanov, ofisa wa kijeshi wa ubalozi wa Urusi ya Kisovieti, wakati wa vita baridi. Waziri wa vita na Mrusi kwa mwanamke mmoja! Hapo suali la uongo Bungeni ni dogo, suali kubwa ni nani aliyeweza kumlazimisha nini.

#10 Mwalimu Mstaafu, Chake Chake

Duka, hofu hiyo ilikuwepo na ilikuwa na msingi. Hata hivyo Jaji Denning alipopewa kazi ya kuchunguza, ripoti yake ya Septemba 1963 ilieleza kwamba hakuna siri ya nchi iliyovuja. Hapo Profumo alikuwa ameshaondoka, na serikali ya waziri mkuu Macmillan haikupata nafuu yoyote kwa ripoti ile. Oktoba Macmillan mwenyewe akaacha kazi kwa sababu za kiafya, na mwaka 1964 chama chake kikashindwa. Mkaazi atafurahi kwa hilo.

#11 Shekhe wa Mtoni

Assalamu alaykum. Nimesoma tangu juu na naona mnaichukulia desturi ya wenzetu kuwa ndiyo kipimo, kisha mnauliza kwa nini sisi hatukuifikia. Kwetu kuna mafundisho ya kusitiri. Mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Na katika Suratu Nnur, aya ya 4, mwenye kumtuhumu mwanamke mtwaharifu bila ya kuleta mashahidi wanne adhabu yake ni mijeledi themanini na ushahidi wake haukubaliwi tena. Mlango huo umefungwa kwa makusudi, kwa sababu tuhuma za namna hii zikifunguliwa hazibakizi nyumba. Mhariri wa gazeti la London angelikuwa hapa, basi mwenye kesi angelikuwa yeye. Kiongozi tumwulize juu ya amana aliyopewa na watu, na la baina yake na Mola wake tumwachie.

#12 Bint Wete

Shekhe, kwa heshima yote, aya uliyoitaja inamlinda mwanamke asisingiziwe, nasi tumeigeuza ikawa kinga ya mwanamme mwenye cheo. Mimi nimezaliwa Wete na najua sitara ilivyogawanywa. Mimba haina pa kujificha, kwa hiyo msichana hasitiriki. Tulikuwa na sheria hapa Zanzibar, ya mwaka 1985, iliyoweza kumfunga jela mwari aliyepata mimba nje ya ndoa. Niambieni ni mheshimiwa gani aliyewahi kupoteza kiti kwa mimba ya aina hiyo. Sisemi kwamba tuige magazeti ya London, ambayo hufanya biashara kwa machozi ya watu. Nasema kwamba kutokuwepo kwa barua za kujiuzulu kusitafsiriwe kuwa ni ucha Mungu.

#13 Wakili wa Vuga

Nithibitishe aliyoyasema Bint Wete. Sheria ile ya 1985 ilibadilishwa mwaka 2005 na kifungo kikaondolewa.

Niongeze jambo ambalo naona limesahauliwa. Sisi tuliwahi kuwa na miiko ya uongozi iliyo mikali kuliko ya Waingereza, lakini yote ilihusu mali. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Halikutia mguu chumbani. Hata miiko hiyo ililegezwa mwaka 1991 kwenye kikao cha chama kilichofanyika hapa hapa, ndiyo maana watu wakakiita Azimio la Zanzibar. Leo tuna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Nambari 4 ya 2015, na linalotajwa zaidi katika sheria hiyo ni tamko la mali na madeni. Kwa hiyo mheshimiwa wa hapa anayejua mambo atapoteza usingizi kwa kiwanja kuliko kwa kimada. Kila nchi humwondoa mtu kwa kosa ililolizoea kulitafuta.

#14 Mpemba wa Konde

Wakili ameniamsha. Kijijini kwetu tulikuwa na mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu mwaminifu na mwenye kauli nzuri, ambaye alioa kwa siri Unguja. Mkewe wa kwanza alipopata habari hakwenda kwa kadhi wala kwa wazee. Alingoja kikao cha kamati, akaingia na kitabu cha stakabadhi ambacho mumewe alikuwa akikiweka juu ya kabati, akakifungua mbele ya watu, akauliza kwa upole kabisa nauli za boti za kila mwisho wa mwezi zilikuwa zikitoka wapi. Hakumtaja mke mwenziwe hata mara moja. Yule bwana alijiuzulu hapo hapo, akisema kwamba ana safari nyingi.

Hesabu zilipokaguliwa zilitimia shilingi kwa shilingi. Nauli alikuwa akizitoa kwenye karafuu zake. Lakini nani angemrudisha? Watu walisema kama aliweza kumficha mke aliyelala naye kitanda kimoja, sisi wa bomba la maji ni nani? Kwa hiyo Duka na Bint Wete wote mna sehemu yenu, ila mimi naona kuna kitu cha tatu. Habari ya ndani ikishatoka inazitia shaka habari nyingine zote, hata zile zilizo safi.

#15 Kahawa Tungu

Mama huyo angepelekwa Baraza la Wawakilishi kuulizia mafungu ya bajeti.

#16 Mzalia wa Malindi

Salamu kutoka Marseille. Kahawa Tungu ameandika huko juu kwamba Wafaransa hawajali. Ni kweli kwa sehemu. François Mitterrand alikuwa na familia ya pili na binti, Mazarine, na umma haukuambiwa hadi jarida moja lilipotoa picha Novemba 1994, akiwa ameshatimiza miaka 13 ya urais. Hakujiuzulu na hakuulizwa. Januari 1996 familia zote mbili zilihudhuria mazishi yake. François Hollande naye alipigwa picha Januari 2014 akienda kwa mpenzi wake kwa pikipiki, na aliendelea na urais hadi 2017. Nyuma ya hayo kuna sheria. Tangu 1970 kifungu cha 9 cha kanuni yao ya madai kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha, na gazeti linaloivunja hulipishwa fidia.

Hata hivyo Februari 2020 Benjamin Griveaux, mgombea wa chama cha Rais Macron kwa umeya wa Paris, alijitoa katika uchaguzi baada ya picha zake za faragha kusambazwa mtandaoni. Hakuwa amedanganya Bunge wala kumkataza mtu chochote, na wapinzani wake wengi walimtetea. Alisema kwamba anataka kuikinga familia yake. Mhariri aliyeogopa fidia alikuwa kizuizi, lakini simu ya mkononi haina mhariri. Nadhani na huko nyumbani sitara ya Shekhe itakuja kujaribiwa na simu kabla ya kujaribiwa na gazeti lolote.

#17 Mama wa Jang'ombe

Niliposoma kwamba Griveaux alitaka kuikinga familia yake nikasema hatimaye nyumba imetajwa, maana mmezungumza juu ya vyama na mabunge kama kwamba mtu hana mke anayemngoja mlangoni. Spitzer alipotoa tamko lake mkewe alisimama kando yake mbele ya kamera, uso umemkauka, na picha ile ilisemwa Marekani kuliko maneno ya mumewe. Huenda wengine wanaondoka kwa sababu mke ameshasema kwamba hatasimama pale mara ya pili.

Na kwa wanawake viongozi kizingiti kiko chini sana. Sanna Marin, waziri mkuu wa Finland, mwaka 2022 alionekana kwenye video anacheza na marafiki zake, akatakiwa ajieleze hadi akapima kuthibitisha kwamba hakutumia dawa za kulevya. Hakukutwa na kitu. Kucheza tu! Hakujiuzulu, nami nilimpenda kwa hilo, lakini niambieni ni waziri mkuu gani mwanamme aliyewahi kupimwa mkojo kwa kucheza ngoma.

#18 Mwalimu Mstaafu, Chake Chake

Mama wa Jang'ombe ametukumbusha nyumba, nami nina kisa cha nyumba kilichoamuliwa uwanja wa ndege. Agosti 1997 Robin Cook, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alikuwa Heathrow na mkewe wakienda likizo, akapigiwa simu kutoka ofisi ya waziri mkuu kwamba gazeti litatoa habari za uhusiano wake na katibu wake, na kwamba ni bora afanye uamuzi ulio wazi. Likizo ikaishia pale pale, na ndoa pia. Aliachana na mkewe, akamwoa yule katibu mwaka uliofuata, na aliendelea na wizara ile ile hadi 2001. Cook huyo huyo, Machi 2003, alijiuzulu kwa hiari yake kutoka serikalini kwa kupinga vita vya Iraq. Kwa mwanamke hakuondoka, kwa vita akaondoka. Namwomba Mkaazi atueleze mwaka 2003 chama kilimhesabia kura gani.

#19 Mkaazi wa Kikwajuni

Mwalimu, Iraq haikuwa siri ya nyumbani, kwa hiyo haimo katika dai langu. Na mwaka 1997 chama chake kilikuwa kimetoka kushinda kwa kishindo, kikiwa na wabunge zaidi ya 400. Cook hakuwa mzigo, ndiyo maana alibakishwa. Major mwaka 1994 alikuwa na wingi mdogo Bungeni na kila kashfa ilimgharimu. Clinton naye, uchaguzi wa Novemba 1998 chama chake kiliongeza viti. Mimi natazama nani ana nafasi ya kumudu, na kila mkinipa kisa naona kinaingia.

#20 Wakili wa Vuga

Mkaazi, dai linaloingia kila mahali ndilo linalonitia wasiwasi. Lakini nikusaidie kwa upande mwingine, upande wa kurudi. Parkinson alirudi kwenye baraza la mawaziri mwaka 1987. Barnaby Joyce, naibu waziri mkuu wa Australia, alijiuzulu Februari 2018 kwa uhusiano na aliyekuwa mtumishi wake, na Juni 2021 akarudi kwenye kiti kile kile. Waziri wa huko akijiuzulu hubaki mbunge, ana mshahara, ana jimbo, na anangoja upepo ubadilike. Kujiuzulu kwake ni mapumziko. Hapa kwetu mtu akigombana na chama hadi akavuliwa uanachama, kiti nacho kinakwenda, kwa sababu katiba zetu zimefunga ujumbe na uanachama pamoja. Nani atajiuzulu kwa hiari mahali ambapo hakuna benchi la kukalia?

#21 Shekhe wa Mtoni

Wakili, Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani miaka ya 1970 kwa vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, vifo ambavyo yeye hakuvitenda. Mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar na mwaka 1985 Rais wa Muungano. Mwenye kuacha kwa heshima hurudi hata hapa.

#22 Bint Wete

Shekhe, huyo aliacha kwa amana, ambayo mwenyewe ulisema ndiyo ya kuulizwa. Nionyesheni aliyeacha kwa mambo ya nyumbani akarudi, au hata aliyeacha tu.

#23 Mpemba wa Konde

Na hiyo amana yenyewe tusiisifu kupita kiasi. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikija kwetu Pemba, na waziri hakuondoka. Aliondoka kwa Skagit mwaka uliofuata. Sisi tunaozika bado tunauliza tofauti ya meli mbili ni nini. Lakini nisiwatoe kwenye mada. Kwa Clinton nimeelewa, ila Uno wa Japani nabaki naye. Huyo aliangushwa na mwanamke.

#24 Mwalimu Mstaafu, Chake Chake

Mpemba, Uno aliingia madarakani Juni 1989, na mwanamke yule alizungumza na jarida siku chache tu baadaye, lakini hakuondoka hadi chama chake kilipopoteza wingi katika uchaguzi wa baraza la juu mwezi wa Julai. Uchaguzi huo uliwaingiza Bungeni wanawake wengi, na chama kikuu cha upinzani kilikuwa kikiongozwa na mwanamke, Takako Doi, kwa hiyo hasira ya wapiga kura wanawake ilikuwemo. Ilikuwemo pia rushwa ya kampuni ya Recruit iliyomwondoa mtangulizi wake, Noboru Takeshita, na kodi mpya ya matumizi iliyoanza Aprili mwaka ule, ambayo kila mama wa nyumba aliilipa dukani kila siku. Anayesema kwamba geisha ndiye aliyemwangusha Uno atueleze kwanza ile asilimia 3 ya kodi anaiweka wapi.